Masanduku ya Chini na Kidonge cha Njano

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kazi. Atakayechoka kwanza, mwenzake atamcheka.

Miaka minne nimestaafu, nimekaa nyumbani nikigombana na dada yangu kuhusu redio. Leo Profesa mwenyewe kanipigia simu. Huyu ndiye tuliyekuwa tukimwita Upesi, maana hata chai huinywa amesimama, na ulimi umemwungua tangu enzi hizo. Ati ghala la chini la maktaba ya chuo cha udaktari halina anayelielewa. Vijana wameshuka mara tatu wamepanda na vumbi tupu.

“Mzee, mpangilio wa ghala uko kichwani mwako,” akasema.

“Basi kodisheni kichwa,” nikamjibu. “Miguu nitawapa bure.”

Kazi ni ya msimu huu wa mvua tu. Wanakusanya kila utafiti uliowahi kufanywa juu ya dawa moja ya usingizi wanayopewa wazee, wautie kwenye mzani mmoja, kisha waseme dawa ni njema au si njema. Kliniki zote zinasubiri neno lao.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekutana na fundi wa kutafuta. Ni mama wa makamo, mkutubi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Kazi yake ni kuiuliza kompyuta maswali. Nilidhani swali ni swali. Kumbe la kwake ni refu kama foleni ya hospitali na limejaa mabano. Nimembatiza Mabano. Hakukasirika.

Kanieleza hivi: ukiandika neno moja tu, “usingizi”, utawakosa walioandika “kukesha”. Kwa hiyo unayapanga maneno yote ya jambo moja, unayaunganisha kwa AU. Ukimaliza unaandika NA, halafu unaanza kundi jingine: mzee AU wazee AU uzeeni.

“AU inatandaza wavu,” akasema, “NA inaukaza.”

“Na samaki asiyeingia baharini?”

“Unamaanisha nini, Mzee wangu?”

“Utafiti uliofanywa ukafungiwa kabatini. Huo wavu wako utaukutia wapi?”

Akavua miwani. Akasema hilo ndilo linalomkosesha usingizi yeye, na hatumii dawa. Utafiti uliosifu dawa hukimbilia magazetini, ulioiponda hulala sandukuni. Ukitafuta kwenye kompyuta peke yake, ni sawa na kumuuliza bwana harusi kama ndoa ni nzuri, bibi harusi umemfungia jikoni. Ndiyo maana anataka masanduku yangu, yafunuliwe karatasi kwa karatasi, kwa mkono.

Huyu tutapatana.

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Sanduku la kwanza hadi la tisa. Mende wawili, utafiti sifuri.

Ijumaa, 14 Machi
Leo vumbi limelipa.

Sanduku la thelathini na moja, rafu ya ukutani. Ndani yake kuna ripoti iliyopigwa taipu, kurasa arobaini, imefungwa kwa uzi. Niliujua ule uzi kabla sijasoma neno. Ni uzi wa kushonea vidonda. Sista wa wodi ndiye aliyekuwa akifungia karatasi zake hivyo, Mungu amrehemu.

Kabla sijawa mtu wa maktaba nilikuwa mhudumu wa wodi ya wazee, bado nina kiuno. Yakaja majaribio ya kidonge cha usingizi. Wazee mia mbili na kumi na wawili: nusu walipewa kidonge chenyewe, nusu kidonge cha unga mtupu kilichofanana nacho, na hakuna aliyejua nani kameza kipi. Vichupa viliandikwa herufi tu. Sisi wahudumu tuliona jambo moja: wazee walianza kuanguka. Asubuhi, wakielekea chooni, pu! Mimi niliwaokota kwa mikono hii. Mmoja aliniambia, “Mwanangu, sakafu imenipanda.” Halafu siku moja wenye dawa walifungasha vitu vyao, wakaondoka bila kwaheri, na Sista akabaki na daftari lake. Tulidhani yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Sista aliipata orodha ya herufi waliyoiacha, akahesabu yote peke yake. Walioanguka kwa kidonge chenyewe: thelathini na mmoja. Kwa unga: tisa. Kaandika umri, siku, mahali na mfupa uliovunjika. Kaileta maktaba, kapokelewa, katiwa sandukuni. Miaka thelathini!

Na ukurasa wa pili umetaja jina la dawa, lilelile tunalolitafuta. Jina refu, nimelinakili herufi kwa herufi kwenye kiganja.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekiweka kiganja kando ya kopo la dawa la Dada. Herufi kumi na moja. Zote zimelingana.

Dada ni mkubwa wangu. Tangu mumewe afariki alikuwa halali, anazunguka nyumba kama mlinzi asiyelipwa. Mwaka jana kliniki ikampa kidonge cha njano, akalala. Juzi nilimwona anashika ukuta akienda bafuni, nikamtania kuwa amelewa. Leo sitanii.

“Dada, acha hii dawa.”

“Nani kakwambia?”

“Sista wa wodi.”

“Si alikufa?”

“Kaacha maandishi.”

“Daktari wangu yu hai,” akasema, “na kasoma miaka saba. Wewe uliishia darasa la sita, na la sita lenyewe ulifukuzwa.”

“Nilifukuzwa kwa utundu, si kwa ujinga.”

“Basi utundu wako uutoe kwenye usingizi wangu. Miaka mitatu sikulala, mdogo wangu. Mitatu. Wewe ulikuwa unakoroma.”

Ni kweli nilikuwa nakoroma.

Jumatano, 19 Machi
Nimempeleka kliniki kwa hila ya kupima presha. Nikamwonyesha daktari nakala ya ripoti. Kijana mpole, hakunidharau. Kaipekua, kakuna kidevu.

“Mzee, mimi siwezi kubadili matibabu kwa karatasi moja ya zamani. Mwongozo unasema dawa ni salama. Lakini nasikia chuoni wanachambua tafiti zote. Wakisema vingine, mimi wa kwanza kubadilisha.”

“Na hii ikiwa ndani ya hesabu yao?”

“Hiyo ikiwa ndani, tutaiona. Na Mama asiikatishe ghafla peke yake, ni hatari pia.”

Kwa hiyo mambo yote yako kwetu chini, kwenye vumbi. Nimempa Mabano ripoti kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ameipa namba 87.

Alhamisi, 20 Machi
Bati linavuja juu ya rafu ya nne. Nimeweka ndoo. Namba 87 iko juu, pakavu.

Alhamisi, 27 Machi
Sasa sikiliza maajabu.

Karatasi zote zilizopatikana, za kompyuta na za masanduku, zinasomwa na watu wawili. Ndiyo sheria ya kazi hii, Mabano anaisema kama sala: wawili, kila mmoja peke yake, bila kuambiana. Kila mmoja anaandika karatasi ipi iingie, ipi itupwe, na kwa sababu gani. Wakipishana, anaitwa wa tatu kuamua. Ni kama mahakamani: mashahidi wawili wasioonana.

Wasomaji wetu ni madaktari wawili vijana waliochaguliwa na Upesi. Si ndugu, ila wanavaa viatu vya aina moja na kucheka pamoja, kwa hiyo mimi nawaita Kurwa na Doto. Leo nimewapelekea chai. Wamekaa meza moja! Lundo wameligawa katikati. Kurwa anasoma namba witiri, Doto anasoma namba shufwa, kisha wanabadilishana fomu na kunakiliana. Hata kusoma kwenyewe, macho yanapita juu ya kichwa cha habari kama nzi juu ya kisahani.

“Wanangu,” nikasema, “si mnatakiwa kusoma mbalimbali?”

“Mzee,” akasema Kurwa, “weka chai.”

“Profesa anataka matokeo kabla mvua haijaisha,” Doto akaongeza, kwa aibu kidogo. Huyu ana roho.

Nimeweka chai. Sukari sikuweka.

Jumatano, 2 Aprili
Upesi kapita kila chumba akitamba kwamba wasomaji wake wamekubaliana kwa asilimia mia moja. Mia moja! Mimi na Dada tumezaliwa tumbo moja na hatujawahi kukubaliana hata kuhusu chumvi. Mashahidi waliolala kitanda kimoja, usiwasifu kwa kuota ndoto moja.

Mimi ndiye ninayetoa nakala na kupiga namba. Katika lundo la leo nimechomeka kitu. Karatasi za jokofu la chumba cha chai: jinsi ya kulitumia, na dhamana yake. “Weka wima. Usiegemeze ukutani. Usifungue mlango mara kwa mara.” Nimezipiga muhuri namba 141, safi kabisa.

Ijumaa, 4 Aprili
Fomu zimerudi. Nimezisoma nimesimama, kisha nikaketi, kisha nikasimama tena.

Namba 141, Kurwa: itupwe, washiriki wachache.
Namba 141, Doto: itupwe, washiriki wachache.

Jokofu hilo! Walitaka liwe na washiriki wangapi?

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikafungua ukurasa wa nyuma.

Namba 87: itupwe, washiriki wachache. Namba 87: itupwe, washiriki wachache.

Mia mbili na kumi na wawili ni wachache! Niliowaokota sakafuni ni wachache! Sista kapiga taipu kurasa arobaini kwa vidole viwili, baada ya zamu, na hawa hawakufungua hata uzi. Najua hawakufungua, kwa sababu uzi wa nakala niliufunga mimi kwa fundo langu, na fundo liko vilevile. Chini ya fomu Mabano ametia sahihi. Naye hakutazama.

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Hawa walichoka kabla ya kupata, wakaandika wamepata.

Nimerudi nyumbani bila mwavuli. Sikuona haja.

Alhamisi, 10 Aprili
Dada ameanguka.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kati ya kitanda na mlango. Nilisikia pu ileile. Ile sauti siisahau. Nikamkuta chini, kanga imekaa sawasawa, uso umekauka kwa hasira.

“Usiniinue kama gunia,” akasema.

“Naijua kazi hii, Dada. Nilifundishwa.”

“Wapi panauma? Uliza wapi panauma!”

“Wapi panauma?”

“Nyonga. Ya kushoto. Na usinitazame hivyo, utaniliza.”

Tumekaa hospitali hadi saa nane mchana. Nyonga imevunjika. Watamtia chuma kesho. Daktari wa mifupa kauliza mambo mengi, kaandika kadi haraka. Nikaomba kuisoma. Pale penye “chanzo cha kuanguka” ameandika neno moja: uzee.

Nikamwambia, “Daktari, mimi nina miaka sabini na miwili, mbona nimesimama?”

“Mzee, kuna foleni.”

“Anameza kidonge cha njano. Andika basi.”

“Dawa hiyo ni salama kwa mujibu wa mwongozo,” akasema, naye hakuwa mtu mbaya. Ameamini alichopewa. Ila kaita muuguzi, wakapanga Dada apunguziwe dozi kidogokidogo. Kwenye kadi bado ni uzee.

Siku ile ya tarehe 4 ningepiga kelele, je? Nilikaa siku sita na siri ya jokofu nikingoja mkutano wa matokeo ili nichekeshe watu. Nimeandika hili kwa sababu ni kweli, na halinipendezi.

Ijumaa, 11 Aprili
Dada katoka chumba cha upasuaji salama. Neno lake la kwanza: “Redio yangu umeigusa?”

Jioni nikamfuata Mabano, nikamwambia yote: Kurwa na Doto, jokofu, namba 87, nyonga. Nilidhani atanishukuru.

“Umefanya nini?” akasema. “Umechomeka karatasi ya uongo kwenye kazi yangu?”

“Kuonyesha tu…”

“Mzee wangu, mimi huandika kila hatua. Kila neno nililouliza, siku niliyouliza, karatasi ngapi zilitoka. Ili mtu nisiyemjua, asiyenipenda, afuate njia yangu afike nilipofika. Ndicho kitu pekee nilicho nacho! Sasa nitaandika nini? ‘Jokofu moja’?”

“Andika jokofu moja.”

“Ungeniambia siku ile ya chai.”

“Ningekwambia, wewe ungeuliza, wao wangekana.”

Akachukua fomu, akatazama sahihi yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha yake ya zamani asiyoipenda.

“Nilizitia sahihi zote kwa dakika kumi,” akasema. “Nilikuwa na haraka. Nimeambukizwa.”

Jumanne, 15 Aprili
Mkutano. Mvua inapiga madirisha, watu kumi na wawili mezani, mimi na birika.

Upesi kasimama. Kasema matokeo ni mazuri, dawa ni salama kwa wazee, wasomaji wamekubaliana kwa asilimia mia, tupige kura twende.

“Profesa,” akasema Mabano, “kabla ya kura, naomba karatasi namba 141 isomwe kwa sauti.”

“Kwa nini?”

“Ilitupwa kwa sababu washiriki ni wachache. Nataka tujue wangapi.”

Kurwa akapewa nakala. Akafungua, akaanza kwa sauti ya darasani: “Weka wima. Usiegemeze…” Akakoma.

“Endelea, mwanangu,” nikasema. “Dhamana iko ukurasa wa tatu.”

Mtu mmoja alicheka, wakafuata wote, isipokuwa wanne. Upesi akagonga meza.

“Nani kaweka uchafu huu?”

“Mimi.”

“Huu ni uhuni!”

“Ni uhuni, Profesa. Uhuni wangu ni karatasi moja. Wa kwenu ni lundo zima.”

“Wewe ni mtu wa ghala! Nani kakuomba maoni?”

“Hakuna. Ndiyo maana nimeleta nyonga.” Nikaweka picha ya eksirei ya Dada mezani, kati ya vikombe. “Huyu ni dada yangu. Anameza dawa yenu iliyo salama. Namba 87 ilisema hivi miaka thelathini iliyopita. Mliitupa bila kufungua uzi.”

Nikaona mkono unainuka taratibu. Doto.

“Hatukusoma mbalimbali,” akasema. “Tuligawana. Namba 87 ilikuwa yangu. Sikuifungua.”

Kurwa akamtazama kana kwamba kamkanyaga mguu.

Mabano akasimama, akavua miwani ikaning’inia. “Jina langu halitakuwa juu ya kazi hii mpaka lundo lote lisomwe upya, na watu wengine, vyumba viwili tofauti. Na nitaandika kwamba tulikosea, na jinsi tulivyokosea.”

“Itachukua wiki tatu!” akasema Upesi.

“Nyonga iliyovunjika inachukua miezi sita,” akasema yeye.

Wamekubali. Mimi nimefukuzwa kazi papo hapo kwa kuchafua utafiti. Nikamalizia kumimina chai kwanza, maana kazi ni kazi.

Alhamisi, 24 Aprili
Dada katembea hatua nne kwa chuma cha kutembelea. Kanitukana hatua zote nne.

Ijumaa, 9 Mei
Mabano kaja nyumbani na matunda. Wasomaji wapya, wawili wasiofahamiana, mmoja ghorofa ya juu mmoja ya chini, wamemaliza. Hawakukubaliana mara thelathini na nane, na wa tatu akaamua. Anasema hiyo ndiyo dalili ya afya. Jokofu walilitupa wote wawili: “si utafiti.” Namba 87 waliiingiza wote wawili.

“Na mzani?” nikauliza.

“Bila 87, kidonge ni malaika. Nayo ikiwepo, kinaangusha watu.”

Dada alikuwa anasikiliza akiwa kitandani. “Basi si uzee,” akasema.

“Si uzee, Dada.”

“Nilijua.”

Jumanne, 20 Mei
Mvua imekatika. Upesi kapeleka matokeo yaliyosahihishwa kwa baraza linaloandika miongozo ya kliniki. Baraza limejibu: wamepokea kwa shukrani, watayajadili kwenye kikao kijacho, miezi sita ijayo. Hadi hapo, kidonge kinaendelea kugawiwa.

Miezi sita! Kusifu walisifu kwa mwezi mmoja. Kusahihisha kunahitaji miezi sita, chai na viti vya kuzunguka. Nimempigia Upesi simu kumtukana. Cha ajabu, alikaa akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameketi, nilisikia kiti. Akasema, “Mzee, nami nimewaandikia barua mbili. Kesho ya tatu.” Nikakosa tusi la kumalizia.

Alhamisi, 22 Mei
Dada leo kauliza swali.

“Huo utafiti wenu mpya. Mimi nimo?”

“Humo. Zimo tafiti tu, si watu mmoja mmoja.”

“Na hospitali?”

“Huko wameandika uzee.”

“Kwa hiyo mimi sikuanguka popote.”

Akanyoosha kidole kwenye daftari hili. “Wewe si unaandika kila siku? Niandike. Vile alivyoandika yule Sista wako.”

Nikafungua ukurasa mpya. Mwanamke, umri miaka sabini na sita.

“Sabini na mmoja,” akasema.

“Dada, mimi nina sabini na miwili na wewe ni mkubwa wangu.”

Akanitazama. “Haya. Sabini na sita.”

Kidonge cha njano, kimoja kila siku kabla ya kulala, miezi kumi na mmoja. Alianza kuyumba mwezi wa tisa wa kumeza. Aliwahi kuonywa na ndugu yake, ambaye alikuwa na ushahidi mwingine na akachelewa kuusema. Ameanguka tarehe 10 Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kati ya kitanda na mlango, sakafu kavu, taa inawaka, hakuna alichojikwaa. Nyonga ya kushoto.

Nikamsomea. Akasikiliza, macho kafumba, kama anayekagua hesabu ya duka.

“Umesahau kitu,” akasema.

“Kipi?”

“Andika kwamba nilikuwa nalala vizuri.”

“Dada! Dawa iliyokuvunja?”

“Iliniangusha, na nilikuwa nalala vizuri. Yote mawili. Ukificha moja, una tofauti gani na wao?”

Nimeandika: alikuwa analala vizuri.